Nyumba ya Chokaa

4 Februari

Mwanangu Profesa,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, ndiyo maana nimeanza kuitikia kabisa.

Huku hatujambo. Mama yako aling'olewa jino na sasa anaongea kwa upande mmoja, ingawa hajapunguza kuongea. Baba yako, tangu astaafu ukaguzi wa hesabu, hajui aache vipi kukagua. Juzi alikuja kwangu akakagua vifuniko vya sufuria, akaniambia kuna kimoja hakina sufuria. Nikamwambia nakijua, kinaishi peke yake kwa hiari. Cherehani yangu kubwa imetoka kwa fundi. Inashona vizuri ila inapiga mluzi, na wateja wanadhani ni mimi.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Kile kiwanja kando ya karakana yangu ya ushonaji, alichotuachia babu yako mimi na baba yako, baba yako anataka kukiuza. Mnunuzi ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo ng'ambo ya barabara, huyu tunayemwita Bwana Misumari, na anataka kuweka ghala la saruji. Nikasema siuzi, nitajenga nyumba tatu ndogo za kupangisha. Baba yako alicheka mpaka akavua miwani. "Dada," akaniambia, "mwendelezaji wa majengo ni mtu aliyesoma. Wewe umesomea vifungo."

Tulibishana mpaka chai ikapoa, mwisho tukaafikiana. Nina mpaka mwisho wa Novemba. Nikiwa na ramani iliyogongwa muhuri wa ofisi ya mipango miji, na kila nyumba ikiwa na mpangaji aliyetamka kwa kinywa chake kwamba atahamia, tunajenga. Kikikosekana kimoja, natia saini tunauza, na sitanuna. Hilo la kutonuna alilisisitiza.

Wewe ndiye unayesomea mambo haya. Mtu anayetaka kuwa mwendelezaji wa majengo anasoma nini? Nieleze kwa barua. Kwenye simu unaongea kama unakimbizwa, na mimi nataka kitu cha kubandika ukutani.

Shangazi yako,
mwenye vifungo


27 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hii ni ya pili, na ile ya njiani uihesabu.

Mimi ni mzima. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta wa jengo jingine, na nimeutazama mpaka naujua ufa wake wote unapoanzia na unapoishia. Mwenzangu wa chumbani, anayesomea muziki, ananiita mlinzi wa ukuta. Mpe Mama pole ya jino.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kujibu, kwa sababu swali lako ni rahisi na mimi, baada ya miaka yote hii darasani, sikuwa na jibu rahisi. Mwendelezaji si mwashi, si mchoraji ramani, si benki wala wakili. Ni yule anayeona nyumba pale ambapo wengine wanaona majani, halafu anawakusanya hao wote na kuwafanya waelewane mpaka mtu aingie na ufunguo wake. Wengi wana shahada, ya uchumi wa ardhi kama yangu, au ya ujenzi, au biashara, au sheria, lakini hakuna njia moja. Lazima ujue ardhi ni ya nani na sheria inakuruhusu kujenga nini juu yake. Uweze kusoma ramani bila kumtazama usoni aliyeichora. Ujue fedha itatoka lini na itaingia lini, maana majengo mengi hukwama katikati ya hizo lini mbili. Kabla ya yote kuna upembuzi yakinifu, yaani kuchunguza kama jambo lenyewe litasimama, na ukiona halisimami uwe na moyo wa kuliacha.

Halafu kuna watu. Kitabu chetu kinaliita jambo hilo "stadi za mawasiliano". Sura hiyo ni fupi kuliko zote na ndiyo niliyoirudia zaidi, kwa sababu mimi nikisimama mbele ya watu watatu naanza kuhesabu vigae vya sakafu.

Kitabu nimekutumia. Ramani ya kwanza naweza kukuchorea mimi, kisha mchoraji mwenye leseni huko aikague na kuitia saini. Nitumie vipimo.

Ombi moja: Baba asijue kwamba ninakusaidia. Anaamini nikimaliza nitaajiriwa na kampuni kubwa ya majengo niliyofanyia mazoezi ya kazi, na Mama ameniambia ameshawaeleza majirani kuhusu mlango wa kioo wa ofisi yangu.

Mwanao,
mlinzi wa ukuta


22 Machi

Mlinzi wangu,

Marahaba mbili, na moja ya akiba.

Mama yako sasa anaongea kwa pande zote. Baba yako amekagua mita yetu ya maji akaikuta haina kosa, akaondoka ameudhika.

Barua yako nimeibandika kati ya kioo na picha za mitindo. Wateja wanaisoma wakisubiri kupimwa, na mmoja ameniuliza kama mkwe wake anaweza kufanyiwa upembuzi yakinifu kabla ya harusi. Nikamwambia amechelewa.

Nimejiandikisha chuo cha ufundi, darasa la Jumamosi la ujenzi na usimamizi wa majengo. Wenzangu ni watoto niliowashonea sare za shule. Wananiita Mama Mbele kwa kuwa nakaa mstari wa mbele, nikikaa nyuma ubao siuoni. Mtihani wa kwanza nimeanguka. Tuliulizwa mteremko wa bomba la maji machafu, nikaandika ukurasa mzima kuhusu tabia ya maji. Mwalimu akaandika pembeni: "Vizuri, lakini namba iko wapi?" Nimenunua kikokotoo. Nakwambia ukweli, sijafurahi hivi tangu nilipojifunza kukata kola.

Vipimo vyako viko nyuma ya karatasi hii. Nimezunguka kwa wateja wangu nikapima vyumba wanavyovipenda, na kiwanja nimekipima mwenyewe kwa tepu yangu ya kazini.

Na mimi nakupa kazi. Umeniandikia mwendelezaji ajue sheria, fedha na ramani, lakini hukuniandikia mpangaji anataka nini. Nenda ukagonge milango ya watu waliopanga, uwaulize wanachukia nini kwenye nyumba zao. Usiniletee cha kitabuni. Kitabu ninacho, nimefika sura ya nne.

Shangazi yako,
Mama Mbele


11 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Utakuwa umejiuliza barua imekwama wapi. Haikukwama. Nilikwama mimi, mbele ya mlango wa kijani.

Nyuma ya chuo kuna jengo la wapangaji. Mara ya kwanza nilipanda, nikausoma mlango kana kwamba ni gazeti, nikashuka. Mara ya pili hivyo hivyo. Mwisho mwenzangu wa chumbani alinisindikiza, akagonga yeye, kisha akashuka ngazi mbio akaniacha. Akafungua mama mmoja mwenye povu la sabuni mpaka viwikoni. Sikuwa na neno kichwani isipokuwa lako. "Samahani mama," nikasema, "unachukia nini kwenye nyumba hii?"

Alinitazama, kisha akaufungua mlango wote. "Ingia," akasema. "Una muda?"

Milango iliyofuata niligonga mwenyewe. Shangazi, hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba chumba ni kidogo. Walilalamikia choo cha jirani kinachomwagwa maji nyuma ya ukuta wa kitanda chao. Walilalamikia mlango unaogonga kitanda, na kukosa pa kuanika nguo, na mgeni akiingia anaona vyombo vichafu kabla hajamwona mwenyeji. Nilirudi chumbani nikatazama michoro yangu ya miaka yote hii. Nimekuwa nikichora nyumba kama ndege anavyoziona.

Ramani imo humu. Nyumba tatu zimeenea kiwanjani bila kubanana, na uani pamebaki pa kuanikia nguo. Mwalimu wangu aliitazama, akauliza kama nimeiona hati ya kiwanja. Nikasema vipimo nimepewa na mtu ninayemwamini. Alifuta miwani yake kwa muda mrefu. Lakini hati anayo Baba, na kumwomba hati ni kumwambia.

Sijakuuliza hali ya Mama wala ya cherehani. Nisalimie wote wawili.

Mwanao


19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima, cherehani nzima.

Ramani yako ni nzuri sana. Ila mteja wangu ukimwonyesha picha ya gauni hajui kama litambana kwapani mpaka alivae. Kwa hiyo nikanunua chokaa, nikaimwaga kiwanjani kufuata ramani yako, kuta zote kwa ukubwa wake halisi, penye mlango nikaacha pengo. Jumamosi niliyokosa darasa kwa makusudi nikawaalika watu waje waijaribu nyumba. Alikuja fundi saa na mkewe, akaja mwalimu wa chekechea, akaja dereva wa gari la wagonjwa. Nikamwalika na baba yako, nikajiona mjanja.

Nyumba ya kwanza ilikwenda vizuri. Fundi saa na mkewe waliweka vigoda vyao sebuleni, na hazikupita dakika wakawa wanagombania nani akae dirishani. Nyumba ya pili, mwalimu wa chekechea alilala chini kabisa kuona kama mlango ungegonga kitanda. Nyumba ya tatu nilikuwa nimeiacha makusudi niimwage mbele yao. Chumba cha kulala kikaingia. Sebule ikaingia nusu. Jiko likawa barabarani. Dereva wa gari la wagonjwa, mtu mstaarabu, alisimama jikoni kwake akitafuta la kusifia, mpaka teksi ikampigia honi akasogea, nayo ikapita katikati ya sinki.

Baba yako alicheka akamshikilia fundi saa asianguke. Kisha akaomba kuiona ramani. Aliitazama sana. Akaweka kidole juu ya ile saba yako yenye mkia, uliyoianza utotoni na yeye akashindwa kukuachisha. Akaikunja karatasi vizuri akanirudishia.

Bwana Misumari alivuka barabara akaniletea fagio bila kuombwa.

Sijanuna. Nakuarifu tu.

Shangazi yako


28 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za ukuta leo. Barua yako imenifikia muda mfupi uliopita na sijakaa.

Nimejumlisha upya kila upande wa ramani na hesabu inafunga. Maana yake kosa halimo kwenye ramani, limo kwenye namba nilizoanzia. Nimezitazama namba zako kama mtu anavyomtazama ndugu anayeficha jambo. Hakuna chumba cha kupangisha duniani chenye vipimo kama hivyo. Naomba unijibu bila kukasirika. Ulipopima vile vyumba, uliacha nafasi ya mshono?

Na kiwanja je?

Kama ndivyo, kwenye karatasi kiwanja chetu ni kipana kuliko kilivyo, na mimi nimejaza upana ambao haupo. Usijilaumu peke yako. Somo la sheria ya ardhi nilipata alama za juu kabisa, na bado nikachora nyumba juu ya ardhi ambayo sijaisoma hati yake, kwa kuogopa kumwomba baba yangu karatasi.

Niandikie chochote, hata matusi. Usinyamaze.

Mwanao


3 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nilinyamaza. Niliiweka barua yako chini ya kitambaa cha mteja nikasema nitaijibu nikimaliza gauni lake, halafu nikashona magauni mengi sana.

Ndiyo, niliacha. Mkono wenyewe unaacha, mimi siuagizi. Kwenye nguo naacha upana wa kidole, lakini kwa chumba kizima niliona kidole ni uchoyo, nikaacha viganja viwili kila upande. Kwa kiwanja nikaacha hatua mbili. Gauni likizidi unalipunguza, likibana halina dawa, ndivyo nilivyofundishwa. Nilipokuwa nakuandikia mstari huu nilicheka peke yangu karakanani mpaka mteja akachungulia.

Baada ya gauni la mwisho nilikwenda kwa baba yako kuomba hati. Niliomba kwa jina langu. Akasema ataileta mwenyewe, tena atashika ncha ya pili ya tepu. Nikaazima ile ndefu ya chuoni, tukapima, akasema turudie, tukarudia. Kwa kukagua kaka yangu hana mpinzani. Hakuna mshono humo, namba ziko nyuma.

Nikamwaga chokaa upya. Nyumba ya tatu imerudi kutoka barabarani, ila zote sasa ni nyembamba. Nikawaita wapangaji nikawasimamisha ndani, kila mmoja aniambie anaweza kuishi bila nini. Walibishana vizuri sana. Mwalimu wa chekechea akasema yeye haitaki ile njia ya kupita katikati, kwamba hajawahi kumwona mtu amekaa humo. Mke wa fundi saa akatoa stoo. Fundi saa alishtuka, inaonekana yeye ndiye alikuwa na mipango na stoo.

Habari mbaya ni moja. Dereva wa gari la wagonjwa amehamishiwa kituo cha mbali. Nyumba ya tatu haina mtu, na bila mtu makubaliano yamevunjika.

Baba yako amezoea kuja. Analeta kiti chake, anakaa ndani ya nyumba ya tatu kwenye kona ya dirisha, anakagua mistari yangu. Mama yako ananiambia kule kwenu ghorofani ngazi zimeanza kumsumbua baba yako magoti. Yeye anasema anafuata hewa.

Mtihani wa pili nimefaulu. Mwalimu hakuandika kitu pembeni.

Shangazi yako


9 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo, na hongera ya mtihani. Mwenzangu wa chumbani ameupigia filimbi.

Ramani mpya imo humu. Hakuna choo kinachogusa ukuta wa kitanda cha mtu, na mgeni akiingia anamwona mwenyeji kwanza. Mpelekee mchoraji mwenye leseni, kisha ofisi ya mipango miji. Usikubali wakuambie uje kesho bila kukuandikia ni kesho ipi.

Mradi wangu wa mwisho niliufanya kwa chokaa, kwenye uwanja wa chuo. Nilimwalika yule mama wa povu na majirani zake, na walimu wakawa wanatembea nyuma yao kutoka chumba hadi chumba. Yule mama alimwambia mkuu wa idara avue viatu, yuko sebuleni kwa watu. Akavua. Nilisimama mbele ya wote hao nikaeleza, na nilipomaliza ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni mwoga.

Kampuni imeniita. Mlango wa kioo upo kweli, nimeusukuma kwa mkono wangu. Nikawauliza kazini nitakutana lini na wapangaji. Wakasema kwa upole kwamba kuna idara inayoshughulika na hao. Nililala na jibu lile, nikaamka nalo, nikakataa kazi.

Kisha nikamwandikia Baba. Nimemweleza yote, ramani na kazi. Sijapata jibu na sijui kama litakuja. Nitarudi nyumbani Desemba, kiwanja kiuzwe kisiuzwe. Kuhusu nyumba ya tatu sina la kukushauri. Kuta naweza kukuchorea. Mtu siwezi.

Mwanao


30 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Naandika viatu vikiwa bado na tope.

Muhuri umegongwa wiki iliyopita. Mtu wa benki niliyemwomba mkopo naye amekuja kutazama, akasema tuzungumze tukishaafikiana ndani ya familia. Lakini mpangaji wa tatu sikumpata. Niliuliza wateja wote, nikauliza na darasa, wakanipa moyo tu. Halafu mvua ikaanza, ikaiosha chokaa yote. Kiwanja kikabaki tope na majani kama kilivyokuwa tangu enzi za babu yako.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Baba yako alitaka tukutane kiwanjani, si karakanani. Nilimkuta ameshafika na kiti chake, mama yako amesimama nyuma na mwavuli. Fundi saa akatamka kwa kinywa chake, mkewe akatamka tena ili isikike vizuri. Mwalimu wa chekechea akatamka.

"Na ya tatu?" akauliza baba yako, kwa ile sauti yake ya ofisini.

Nikasema haina mtu. Nikatoa kalamu. Mwanangu, sikununa, lakini nilikuwa namwangalia fundi saa viatu.

Bwana Misumari alikuwa anasikiliza mlangoni kwa duka lake. Akavuka barabara, akaja moja kwa moja juu ya tope, mkono ameunyoosha mbele, kumpongeza baba yako.

"Simama hapo hapo, bwana," akasema baba yako. "Umepita ukutani. Rudi upite mlangoni."

Bwana Misumari akatazama chini. Tope tupu. Akarudi nyuma, akazunguka, hajui pa kuingilia, mpaka mwalimu wa chekechea akamwonyesha kwa kidole kama anavyowaonyesha watoto wake. Akaingia. Baba yako akamkaribisha, akamwomba radhi kwamba kiti bado ni kimoja. Kisha akamwuliza bei ya saruji kwa anayechukua nyingi.

Nikamwambia, kaka, makubaliano yetu ni mtu atamke kwa kinywa chake.

"Nimeshamwambia mtu apite mlangoni kwangu," akasema. "Unataka nitamke nini tena?"

Mama yako akauliza pazia la dirisha lile ni la mpangaji au la mwenye nyumba. Nikasema la mwenye nyumba. Baba yako akasema mwenye nyumba ni yeye na mimi, kwa hiyo atalikagua. Wameondoka wakibishana rangi.

Barua yako anayo, iko mfukoni mwa shati, niliiona pembe yake. Hakunipa neno la kukuambia, isipokuwa kwamba mlango wake wa mbele ufungukie ndani, na nimfikishie mchoraji wetu, yule wa saba yenye mkia.

Njoo salama. Utakuta tope tu, hakuna mstari hata mmoja. Hata hivyo usikatize katikati. Baba yako yuko ndani.

Shangazi yako